Mbwa kavunjika mguu: kufunga hogo ni kazi ya muda mfupi, kibarua ni kumkalisha chini (uzi mrefu)

Mtoto wa Salasala (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mara naona mtu anauliza "mbwa wangu kagongwa, nifanyeje?" anajibiwa mstari mmoja: mpeleke kwa daktari. Haya, umempeleka, karudi na hogo (gamba gumu la kushika mfupa). Halafu? Hapo ndipo watu wengi wanakwama, na mifupa mingi inaharibikia nyumbani, siyo kliniki. Naweka hapa tuliyopitia na mbwa wetu Kuruta. Wenye uzoefu ongezeni, wa kukosoa kosoeni.

Kuruta ni chotara, baba German Shepherd, mama wa kienyeji wa Bunju, umri kama miaka miwili, kilo ishirini na ushee. Bodaboda ilimpitia nje ya geti. Mguu wa nyuma wa kulia, muundi, chini ya goti juu ya kifundo. Ngozi haikupasuka, ila mguu ulikuwa unaning'inia na kujizungusha pasipo na kiungo.

La kwanza kabisa: mbwa mwenye maumivu anang'ata hata anayemlisha. Mke wangu alichana upande wa kanga, tukamfunga mdomo, fundo juu ya pua, likazungushwa chini ya taya, likaishia nyuma ya masikio. (Kama anatapika au anahema kwa shida, usimfunge mdomo kabisa.) Tukamtelezesha juu ya ubao wa kitanda cha zamani, tukampakia kwenye Kirikuu (pikapu ndogo) ya jirani. Watu wa pembeni walikuwa tayari na ushauri, "uvute mguu urudi, uvute!" Hakuna kuvuta. Ukiuvuta mfupa wenye ncha unaweza kukata mshipa au kutoboa ngozi iliyokuwa nzima.

Daktari hakuugusa mguu kwanza, na mimi nilikereka kidogo moyoni. Alianza na fizi, akazibonyeza, zikawa nyeupe, zikarudisha rangi ya waridi mara moja. Akasikiliza kifua, akapapasa tumbo, akauliza amekojoa tangu agongwe? Kumbe kinachomuua mbwa aliyegongwa na chombo siyo mguu, ni damu inayovuja ndani, kibofu kilichopasuka, au kiwambo cha tumbo kilichochanika matumbo yakapanda kifuani. Aliporidhika ndipo akampa dawa ya maumivu, usingizi, eksirei, hogo.

Muda wa kupona alitupa hivi: mbwa mzima ni wiki nane mpaka kumi na mbili, kitoto kinaweza kumaliza kwa wiki nne mpaka sita. Halafu akasema neno ambalo ndilo uzi wote huu: "Siku akianza kujiona mzima, ndipo mumfungie zaidi."

Wakuu, sikulielewa mpaka lilipotukuta. Siku za kwanza analala tu, anakutazama kwa jicho la huruma, unamlisha mkononi. Rahisi. Maumivu yakishapungua, anasikia muuza samaki anapita, anataka kuruka ukuta na hogo lake. Mfupa mpya unaoota pale palipovunjika bado ni laini, unapinda. Yeye hajui. Wewe ndiye unajua.

Mazingira tuliyomwekea: kona ya stoo, tumezungushia paleti tatu na wavu wa kuku. Nafasi ya kusimama, kujigeuza na kulala, basi. Chini tuliondoa uwezekano wa kuteleza, maana marumaru kwa mbwa wa miguu mitatu ni ajali nyingine inayosubiri. Tukatandika magunia ya katani na zulia kuukuu juu yake, linafuliwa, linarudi. Kutoka ni kwa haja tu, na kamba, dakika chache, ndani. Hakuna "ngoja anyooshe viungo kidogo uani".

Kumsaidia kutembea tunapitisha kanga chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma, unashika ncha mbili kama unabeba kikapu. Kwa dume angalia kanga isikae juu ya sehemu ya mkojo. Ukiziba pale anajizuia, wewe unafikiri hana haja, usiku anajimwagia na hogo linalowa.

Jioni naendelea na hogo lenyewe, kula, na ndoo kichwani.

---

Kobe Asiye na Haraka

Mkuu pole, ila tuseme ukweli. Mbwa wa kienyeji unapewa bure. Hiyo hela ya eksirei ungenunua mbuzi. Mimi wangu akivunjika naita mgambo ammalize, kesho natafuta mwingine.

---

Mtoto wa Salasala

Mbuzi wawili, mkuu, na majike. Nimepiga hesabu kabla yako, na sikatai kwamba wapo wasio na hiyo hela. Ila mbwa aliyezuia watu wawili wenye nondo kuingia chumba cha watoto simtafutii mgambo.

---

Bwana Mifugo Nyanda za Juu

Kobe, hata asiyeweza gharama ana njia mbili za kiungwana: matibabu ya kadiri ya uwezo, au daktari amlaze kwa sindano bila mateso. Kumwacha anaburuza mguu mpaka uoze siyo njia ya tatu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo nchini, na kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima ni kosa.

Mleta uzi umeanza vizuri. Naongeza la kichaa cha mbwa, maana watu hulisahau wakiwa na haraka. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa wakati wa kumbeba, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo. Usisubiri kuona kama mbwa atabadilika. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, ni kifo. Na kadi ya chanjo ya mbwa iende naye kliniki, daktari naye ana familia.

Kwa walio mikoani: Morogoro ipo hospitali ya rufaa ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), ndiko madaktari wengi wa mifugo nchini walikosomea. Ukiwa karibu, itumie.

---

Mama Wawili Arusha

Nasubiri ya ndoo. Wangu alikula bandeji yote usiku mmoja, asubuhi nakuta pamba nyumba nzima na yeye anatingisha mkia.

---

Mtoto wa Salasala

Nimerudi.

Ndoo: ile kola ya plastiki ya kliniki Kuruta aliivunja mapema. Tukachukua ndoo ya lita kumi, tukakata kitako, ukingo uliokatwa tukauvika tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa ili usimkate shingo, tukatoboa matundu manne na kuishona kwenye mkanda wa shingoni kwa kamba. Ipite pua kidogo, isipopita analifikia hogo. Chakula na maji inua juu ya tofali, la sivyo anasukuma bakuli kwa ndoo mpaka ukutani na kulala na kiu.

Hogo. Kila asubuhi na jioni, kabla ya chai, kagua vidole. Fundi wa kufunga anaacha vidole viwili vya kati vinaonekana chini. Angalia kucha zake: zikiwa zimekaa karibu karibu, sawa. Zikianza kuachana, mguu unavimba ndani na hogo linabana. Gusa: vya baridi kuliko vya mguu wa pili, ni hatari. Kisha piga magoti unuse pale chini. Ndiyo, unuse. Hogo zima lina harufu ya mbwa na vumbi. Hogo lenye kidonda ndani lina harufu ya maziwa yaliyoharibika, na utaijua harufu hiyo kabla hujaona chochote. Sisi tuliipata mara moja, tukarudi siku ile ile, likafunguliwa, kulikuwa na mchubuko mbichi kwenye kifundo, ukaoshwa, likafungwa jipya lenye pamba nene zaidi. Daktari akasema tungechelewa siku chache ungekuta mfupa unaonekana.

Maji: akitoka nje asubuhi kwenye umande, mvike mfuko wa plastiki mguuni, ukirudi ndani uvue. Usimwache nao kutwa, kwa sababu mbwa hutoa jasho kwenye nyayo, na mfuko unaivisha ngozi.

Tulichocheka nacho: Kuruta ni dume, lazima anyanyue mguu. Alikuwa ananyanyua ule wa hogo, unagonga geti ngo-ngo-ngo, na dada wa kazi anaitika "nani?" kutoka jikoni.

---

Kobe Asiye na Haraka

Hahaha, hiyo ya dada wa kazi nimecheka kwa sauti. Haya endelea, nimekaa.

---

Jirani wa Kabete

Habari zenu ndugu wa Bongo. Niko Kikuyu, Kenya. Naweka la kwangu kwa sababu liliisha vibaya, ili mtu asirudie.

Jike langu lilivunjika mguu wa mbele. Mahali nilipompeleka kwanza walimfunga bandeji ya kukaza sana, bila pamba ya kutosha, wakaniambia nirudi baada ya mwezi. Alilia siku mbili, kisha akanyamaza. Nikafurahi, nikadhani dawa imeingia. Kumbe alinyamaza kwa sababu mguu ulikuwa umekufa ganzi. Nilipompeleka kliniki ya chuo pale Upper Kabete vidole vilikuwa vyeusi. Wakaukata mguu juu.

Sasa sikieni upande wa pili. Huyo mbwa leo anakimbiza paka na miguu mitatu. Hakuna mtu alimwambia kwamba ni mlemavu. Kwa hivyo ukiambiwa kukata, usilie kama umefiwa. Lakini mbwa anayelia kisha akanyamaza ghafla, fungua hiyo bandeji usiku huo huo.

---

Bwana Mifugo Nyanda za Juu

Pole, Jirani. Na amejitahidi kweli huyo, maana mbwa hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele. Aliyepoteza wa nyuma huzoea upesi zaidi.

Hilo la kukaza ndilo ugomvi wangu na waunga mifupa wa vijijini. Ujuzi wa kupapasa wanao, siwadharau. Ila fito zao huishia katikati ya mfupa, juu kidogo na chini kidogo ya palipovunjika, wanakaza kwa kamba. Kanuni ni kuzuia kiungo cha juu na kiungo cha chini yake. Fito fupi inafanya kazi ya mtaimbo, inaongeza kuvunja.

Mliko mbali na eksirei kabisa, na mfupa uko chini ya goti au chini ya kiwiko, na ngozi ni nzima: bomba la PVC lipasuliwe kwa urefu, nusu yake iwe gamba, ncha zote zilainishwe kwa moto au msasa, pamba nyingi ndani, bandeji kuanzia vidoleni kupanda juu, vidole viwili vibaki nje. Hiyo ni ya kumfikisha kwa daktari, hata kama safari ni ya siku mbili. Ndama wangu wengi wamepona kwa mabomba hayo, mbwa nao kadhaa.

Dawa sasa. Naomba msome polepole. Diclopar, Brufen na ndugu zao wa kabati la nyumbani ACHENI. Tumbo la mbwa linatoboka na figo zinakufa kwa dozi ambayo kwako ni ya kichwa tu. Panadol kwa paka ni sumu kabisa, kwa mbwa ni ya daktari peke yake kuamua. Mbwa ana dawa zake, meloksikamu kwa mfano, kwa uzito wake na baada ya chakula. Na kama kuna mtu alishampiga sindano ya deksamethazoni, mwambie daktari kabla hajampa meloksikamu. Hizo mbili pamoja zinatoboa tumbo.

---

Mama Wawili Arusha

Daktari, supu ya kongoro je? Na vidonge vya kalsiamu? Mama mkwe kaja na mafuta ya samaki na maganda ya mayai yaliyosagwa, na siwezi kumkatalia kirahisi.

---

Bwana Mifugo Nyanda za Juu

Supu ya kongoro mpe, haina ubaya, ila isiwe na chumvi wala kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya mbwa. Haitaunga mfupa kwa miujiza, itamshawishi ale. Mifupa iliyochemshwa toa yote, hasa ya kuku, inapasuka kama sindano.

Kalsiamu ya ziada kwa mbwa anayekula vizuri haiharakishi kitu, na kwa kitoto cha mbwa wa aina kubwa inaweza kupindisha mifupa inayokua. Lakini kuna kundi jingine: vitoto vinavyolishwa nyama tupu. Mwenyewe anajivuna, "mbwa wangu hali ugali". Nyama steki haina kalsiamu ya maana, mwili unaikopa kwenye mifupa, mifupa inakuwa karatasi, mbwa anaruka kutoka kwenye kiti anavunjika miguu miwili. Ugali mtupu nao hivyo hivyo. Dagaa wazima kwenye ugali wa dona, kwa hili, wamewashinda matajiri wengi.

Mama mkwe mwambie asante, mafuta ya samaki kijiko kidogo tu, maganda ampelekee kuku.

---

Mtoto wa Salasala

Na punguzeni sahani. Kuruta alikuwa halindi, hakimbii, anakula kama askari wa zamu. Alianza kuwa na kiuno cha diwani. Uzito wote huo unakaa kwenye miguu mitatu na mmoja mbovu. Tukapunguza ugali, tukabakiza dagaa na kuongeza mchicha wa kuchemsha.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyetuambia ni upweke. Mbwa aliyezoea kutembea uwanja mzima, ukimfungia stoo analia usiku kwa sababu hajui kinachoendelea getini. Tulihamishia paleti zake kwenye kibaraza cha jikoni, anaona geti kupitia wavu. Kelele ziliisha. Watoto wakawa wanamfichia dagaa ndani ya chupa ya maji yenye matundu, anaigeuzageuza kwa pua saa nzima. Mbwa akichoshwa akili analala.

---

Korosho za Mikindani

Assalaam aleykum. Mimi nina mbwa wawili wa shamba, wa kuzuia nguruwe pori. Nimeona watu wa kwetu wanaogopa kumuuguza mbwa kwa sababu ya najisi, wanamwachia kijana wa shamba asiyejua lolote. Mbwa wa ulinzi na wa shamba anaruhusiwa, na kumhudumia kuna thawabu. Sote tumesikia hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa. Mimi navaa glavu, nina nguo ya kazi hiyo peke yake, na kilichopata mate nakiosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Haichukui muda.

Swali langu ni la baada ya hogo. Wangu kafunguliwa juzi, mguu umekuwa mwembamba kama wa mbuzi na haukanyagi. Ni kawaida?

---

Bwana Mifugo Nyanda za Juu

Waaleykum salaam. Eksirei ya pili ilionyesha mfupa umeshika? Kama ndiyo, kukonda ni kawaida, misuli ililala. Mbwa pia amejifunza kuruka na mitatu, na hataacha bila kulazimishwa.

Siri ni mwendo wa polepole. Mbwa akienda kasi anaukunja ule mguu na kuruka. Akienda polepole sana, kamba fupi, hawezi kuruka, anajikuta anaukanyaga. Anza dakika tano, mara tatu kwa siku, ongeza dakika chache kila wiki. Kabla ya kutoka mlaze upande, weka kitambaa cha moto wa wastani kwenye misuli, halafu kunja na kunjua kila kiungo taratibu, kuanzia vidole. Akigeuza kichwa kukutazama umefika mwisho wa kiungo, rudi. Usisubiri ang'ate.

Na wewe una bahari. Maji yakipwa, mtembeze kwenye maji yanayomfika kifuani, mchanga mgumu. Maji yanambebea uzito huku misuli inafanya kazi. Ngozi iwe imepona yote, na umwoshe kwa maji baridi ya bomba ukirudi. Asikimbie ufukweni, asipande wala kuruka kutoka kwenye pikapu.

Dalili ya kurudi kwa daktari: alikuwa anakanyaga, ghafla ameacha. Au palipovunjika pamekuwa pa moto, pamevimba, panatoa usaha.

---

Mtoto wa Salasala

Mrejesho wangu kwa hapo: Kuruta naye alikonda paja mpaka ukimtazama kwa nyuma ulidhani mbwa wawili wameunganishwa. Zoezi la mwendo wa konokono ndilo lililomrudisha, hasa kwenye mteremko mdogo wa barabara yetu, tunapanda tu, hatushuki. Majirani wakauliza kama tumekuwa na mbwa kipofu. Sasa anakanyaga, anachechemea asubuhi za baridi, na geti amelirudia. Kuruka ukuta bado tumemkataza, na tumeinua wavu kwa sababu yeye hajakubaliana na katazo.

---

Kobe Asiye na Haraka

Nimesoma uzi wote. Sijasema nimebadili msimamo. Nauliza tu: mbwa wa shemeji yangu hapa Kibaha kavunjika paja la nyuma, jamaa mmoja wa duka la dawa za mifugo kamfunga hogo kuanzia katikati ya paja kushuka. Anaweza kufuata haya maelekezo?

---

Bwana Mifugo Nyanda za Juu

Hapana, mkuu. Paja halifungwi hogo. Tumesema lazima uzuie kiungo cha juu na cha chini, na kiungo cha juu ya paja ni nyonga, hogo haliwezi kuishika. Hilo lililofungwa linaning'inia kama mzigo na kuuvuta mfupa uliovunjika kila anaponyanyuka. Bora asiwe na kitu kabisa kuliko hilo. Mfupa wa paja, na wa mkono wa juu kule mbele, unahitaji chuma, kwa upasuaji.

Mwambie shemeji alitoe kwa daktari, siyo kwa kisu cha jikoni. Mbwa akae sehemu finyu, abebwe kwa ubao, asilishwe asubuhi ya safari maana huenda akapewa usingizi, na kadi ya chanjo aibebe. Amevunjika lini?

---

Kobe Asiye na Haraka

Juzi jioni. Na eksirei hajapiga.

---

Bwana Mifugo Nyanda za Juu

Basi bado yuko ndani ya muda. Aende kesho, asisubiri Jumatatu.

---

Kobe Asiye na Haraka

Nina Kirikuu. Nitampeleka mwenyewe.